KABATI LA UMEME LISILO NA NAMBA NI HATARI KWA MFANYAKAZI



Katika kila kiwanda cha chai, cha sukari, cha nguo na cha mafuta ya kula kuna makabati ya chuma yaliyojaa swichi, fyuzi, nyaya na vitufe vya kuwashia na kuzimia mitambo. Mfanyakazi hupita mbele ya kabati hilo mara nyingi kwa siku. Analijua kwa mlio wake na kwa taa zake nyekundu na za kijani. Lakini mwulize, "Kabati hili linaweza kustahimili shoti ya ampea ngapi?" Atakutazama tu. Mwulize msimamizi, atakuambia nenda kwa injinia. Mwulize injinia, naye mara nyingi atasema kwamba karatasi ziko ofisini na atazitafuta.

Mimi nasema swali hilo si la injinia peke yake. Ni swali la kila mtu anayesimama mbele ya kabati, kwa sababu siku kabati linapopasuka, anayeungua si karatasi za ofisini. Anayeungua ni mfanyakazi.

Mimi si fundi wa umeme. Nilisoma shule ya msingi nikaingia kazini. Haya ninayoyaandika nimeyapata kwa mafundi wetu, katika semina za Chama na katika vikao vya kamati za usalama. Nimeona kwamba jambo hili likielezwa taratibu, mtu yeyote anayejua kujumlisha na kugawanya analielewa. Wanaosema ni gumu mno kwetu wana sababu zao za kusema hivyo.

SHOTI NI NINI, NA KWA NINI KABATI HUPASUKA

Siku zote umeme hupita katika njia yake: unatoka kwenye transfoma, unapita katika kabati, unafika kwenye mota, mota inazungusha mashine. Mota ndiyo inayouzuia umeme usipite kwa wingi. Sasa nyaya mbili zikigusana kabla ya kufika kwenye mota, labda kwa sababu ya panya aliyetafuna mpira wa waya, mjusi aliyeingia kutafuta joto, unyevu, au bisibisi iliyosahaulika ndani, hakuna tena kitu cha kuuzuia. Umeme wote ambao transfoma inaweza kuutoa hukimbilia hapo kwa mara moja. Hiyo ndiyo shoti.

Mota inayokula ampea 50 kila siku iko kwenye waya ambao, shoti ikitokea, unaweza kupitisha ampea 10,000 au 25,000. Mkondo mkubwa namna hiyo hufanya mambo mawili. Kwanza huchemsha. Shaba huyeyuka kwenye joto la digrii 1,085 za Sentigredi, na mwali wa umeme unaoruka hewani unaweza kufikia karibu digrii 20,000, yaani zaidi ya mara tatu ya joto la uso wa jua. Shaba haiyeyuki tu, inageuka mvuke, na mvuke huo unatanuka kwa kishindo kama cha baruti. Pili, mkondo huo huvisukuma vyuma vinavyoupitisha, vikataka kung'oka mahali vilipofungwa. Nguvu ya kusukuma haikui sawasawa na mkondo. Mkondo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Mkondo ukizidi mara nne, nguvu huzidi mara 16.

Mwaka 1982 mhandisi mmoja Mmarekani, Ralph Lee, aliandika makala ya kitaalamu akionyesha kwamba fundi anaweza kuungua vibaya, hata kufa, kwa mwali huo bila kugusa waya wowote. Kabla ya hapo watu wengi walidhani hatari ya umeme ni kupigwa nao tu. Leo hakuna mwajiri anayeweza kusema kwamba jambo hili halijulikani. Linajulikana kwa zaidi ya miaka 40.

Basi kila kifaa kilichomo kabatini, yaani swichi, sakiti breka, kontakta, stata na viunganishi vya nyaya, kina mpaka wake wa shoti. Chini ya mpaka huo kitastahimili mpaka fyuzi au breka ikate umeme. Juu ya mpaka huo kitapasuka. Na kabati zima, kwa jumla yake, lina mpaka wake. Huo ndio tunaotaka uandikwe mlangoni.

WAMAREKANI WALIFANYAJE

Nchi ambayo imeliweka jambo hili wazi kuliko nyingi ni Marekani. Huko kuna Kanuni ya Taifa ya Umeme, inayoandikwa upya kila miaka mitatu na shirika la kuzuia moto liitwalo NFPA. Toleo la mwaka 2005 lilileta sura mpya, ya 409, inayohusu makabati ya kuendeshea mitambo ya viwanda. Sura hiyo ilitaka kila kabati linalobeba umeme wa kuendesha mashine liandikwe namba ya shoti linayoweza kustahimili. Wenyewe huifupisha kwa herufi SCCR. Matoleo yaliyofuata yakaongeza kwamba ni marufuku kulifunga kabati mahali ambapo shoti inayoweza kutokea inaipita namba hiyo.

Tukumbuke pia kwamba katika kamati zinazoandika kanuni hiyo, chama cha wafanyakazi wa umeme cha huko, IBEW, kilichoundwa mwaka 1891, kina wajumbe wake. Kanuni haikuandikwa na matajiri peke yao. Wafanyakazi walikaa mezani.

Namna ya kuipata namba imeandikwa katika kitabu cha maabara ya UL, kiitwacho UL 508A. Nitaieleza kwa mfano wa shambani.

Fikirini daraja la mbao katika shamba la miwa. Lori lenye tani 10 linataka kupita. Mbao nne zinaweza kubeba tani 30, moja inaweza kubeba tani 5. Je, daraja linabeba tani ngapi? Linabeba tani 5. Ubao ule mmoja dhaifu ndio unaosema neno la mwisho, hata kama zile nyingine ni za mti mgumu. Kabati nalo ni hivyo hivyo.

Hatua ya kwanza, andika kila kifaa kilicho katika njia ya umeme mkubwa, kuanzia unapoingia kabatini mpaka unapotoka kwenda kwenye mota. Vile vya umeme mdogo wa kuamrisha, kama taa na vitufe, havihesabiwi.

Hatua ya pili, soma namba ya shoti ya kila kifaa. Kifaa kikiwa hakina namba, hapa ndipo Wamarekani walipofanya jambo la busara. Hawakusema "bila shaka ni kizuri." Walisema kifaa kisicho na ushahidi kipewe namba ndogo. Stata au kontakta ya mota ya mpaka nguvu za farasi 50 isiyo na namba inahesabiwa ampea 5,000 tu. Sakiti breka isiyo na namba, 5,000. Viunganishi vya nyaya, 10,000. Na vile vibreka vidogo vya kusaidia, ambavyo watu huvifunga popote kwa sababu ni rahisi kwa bei, vinahesabiwa ampea 200. Si elfu mbili. Ni mia mbili.

Hatua ya tatu, tazama kama kuna kitu cha mbele kinachobana mkondo. Kuna fyuzi za aina maalumu, kama zile za daraja la J, la T na la CC, ambazo hukata umeme kabla shoti haijafikia kilele chake, kwa muda usiofika hata sehemu moja ya mia ya sekunde. Fyuzi ya namna hiyo ni kama askari wa getini: shoti kubwa ikija, anaruhusu kidogo tu kupita, na vifaa vilivyo nyuma yake vinapata kile kidogo. Transfoma iliyomo ndani ya kabati nayo inaweza kupunguza mkondo. Lakini haya hayakisiwi kwa macho. Lazima yatoke katika majedwali ya majaribio. Vilevile kuna breka na kontakta zilizojaribiwa pamoja na kiwanda kilichozitengeneza. Hizo zina namba ya pamoja iliyo kubwa kuliko ya kontakta peke yake. Ukibadilisha moja ukaweka ya aina nyingine, namba ile ya pamoja imekufa.

Hatua ya nne, chukua namba iliyo ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo namba ya kabati.

Chukua mfano. Kabati lina swichi kubwa ya ampea 35,000 za shoti, breka ya 25,000, viunganishi vya 10,000, na stata isiyo na namba. Mwenye kuuza kabati atakuonyesha ile swichi ya 35,000 na kuisifu. Lakini kwa hesabu hii, kabati hilo ni la ampea 5,000. Stata ile ndiyo ubao mbovu wa daraja.

Nchi za Ulaya na nchi nyingi zinazofuata Tume ya Kimataifa ya Umeme ya Geneva zina kanuni zao, IEC 61439, ambazo tangu mwaka 2009 zimechukua nafasi ya zile za zamani. Namna yao ya kuthibitisha ni tofauti na herufi zao ni nyingine: utaona Icc au Icw kwenye kibao cha kabati. Lakini nia ni ile ile: kabati liwe na uwezo usiopungua shoti inayoweza kulifikia. Kwa hiyo mwajiri asije akatuambia kwamba haya ni mambo ya Wamarekani. Kabati likitoka Chicago au likitoka Ulaya, swali letu ni moja.

UPANDE WA PILI WA HESABU: TRANSFOMA

Namba ya kabati peke yake haitoshi. Lazima ujue pia shoti inayoweza kuja. Hiyo hutokana hasa na transfoma, na transfoma ina kibao chake kinachosomeka. Juu yake kuna namba ya kVA, kuna volti, na kuna asilimia ya upinzani wake wa ndani.

Hesabu ni hii. Chukua kVA, zidisha kwa 1,000, gawanya kwa volti 415 mara 1.732. Umepata mkondo wa kawaida wa transfoma ikiwa imejaa kazi. Kisha gawanya kwa ile asilimia. Umepata shoti kubwa kuliko zote inayoweza kutoka pale kwenye transfoma.

Transfoma ya kVA 200 yenye asilimia 4: mkondo wa kawaida ni ampea 278, na shoti ni kama ampea 7,000. Transfoma ya kVA 1,000 yenye asilimia 5: mkondo wa kawaida ni ampea 1,391, na shoti ni karibu ampea 28,000.

Tazameni hapo vizuri, ndugu zangu. Kabati la ampea 10,000 lililofungwa wakati kiwanda kina transfoma ya kVA 200 lilikuwa salama. Hakuna aliyeligusa, hakuna aliyelibadilisha, rangi yake ni ile ile. Kisha kiwanda kinapanuliwa, inaletwa transfoma ya kVA 1,000. Asubuhi yake kabati lile lile linaweza kufikiwa na shoti mara nne ya ile ya zamani, yenye nguvu ya kung'oa vyuma mara 16. Hatari imeingia kiwandani bila kupiga hodi.

Ni kweli kwamba waya mrefu hupunguza shoti, hivyo kabati lililo mbali na transfoma hupata kidogo kuliko lililo jirani nayo. Ni kweli pia kwamba mota kubwa zinazozunguka huongeza shoti kwa kitambo kidogo, maana zinarudisha umeme nyuma. Mambo haya yahesabiwe na mtu mwenye ujuzi. Lakini hesabu niliyoitoa inatosha kumjulisha mjumbe wa kamati kama kuna sababu ya kuuliza.

Na wakati wa kuuliza ni sasa. Hapa Uganda umeme umekuwa ukiongezeka. Bujagali ilikamilika mwaka 2012 ikiwa na megawati 250, na Karuma ilizinduliwa mwaka 2024 ikiwa na megawati 600. Sisi wafanyakazi tunafurahi, maana umeme ni kazi. Lakini viwanda vinavyopanuliwa vinafungiwa transfoma kubwa, au vinaongezewa ya pili kando ya ya kwanza, na makabati yanabaki yale ya zamani. Wengine hununua mitambo iliyokwisha kutumika ng'ambo, pamoja na kabati lake, likiwa na kibao cha nchi nyingine na volti nyingine, na namba iliyopimwa kwa volti hizo. Mashine inafungwa, inawashwa, inazunguka, watu wanapiga makofi. Hakuna aliyeuliza juu ya shoti, kwa sababu shoti haionekani siku ya ufunguzi.

NAMBA NI SHAHIDI WETU

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwaka 2017 nilitumwa na Chama kwenye kiwanda kimoja cha chai, ambacho sitakitaja. Kijana mmoja fundi alikuwa ameungua uso na mikono. Hakuwa amefungua kabati. Alibonyeza kitufe cha kuwashia, kama alivyobonyeza siku zote, na ndani yake stata ikapasuka, mlango ukang'oka bawaba. Nilipofika, ripoti ilikuwa imekwisha kuandikwa: "Uzembe wa fundi. Hakuvaa glovu." Barua ya onyo ilikuwa imekwisha kupelekwa kwa mke wake, huku mwenyewe yuko hospitali.

Kamati yetu haikubishana juu ya glovu. Mjumbe mmoja, mzee aliyefanya kazi ya umeme miaka mingi, aliinuka akamwuliza meneja kwa heshima: "Bwana meneja, kabati lile lina uwezo wa shoti ya ampea ngapi, na transfoma ile mpya inaweza kutoa ngapi?" Kimya. Akauliza mara ya pili. Injinia akasema kabati halina kibao. Transfoma ilikuwa ya kVA 1,000, imeletwa mwaka mmoja kabla ya hapo badala ya ile ya 200. Hakuna aliyefanya hesabu kabla ya kuifunga.

Hatukushinda kila tulichokitaka. Lakini barua ya onyo iliondolewa, na makabati mawili mengine ya umri ule ule yalibadilishwa kabla hayajamwumiza mtu mwingine. Hayo hayakutoka kwenye kelele. Yalitoka kwenye swali moja lenye namba mbili ndani yake.

Ndiyo maana nasema namba ile ni shahidi wetu. Pasipo namba, ajali ya umeme huwa daima ni kosa la marehemu au la majeruhi. Atasemwa hakuwa makini, alikuwa amechoka, alikunywa pombe jana. Penye namba, mambo hubadilika. Kama kabati ni la 5,000 na limefungwa mahali pa 28,000, hakuna umakini wa mfanyakazi unaoweza kuliokoa. Kosa liko kwa yule aliyelifunga na kwa yule aliyeagiza lifungwe.

MAJIBU YA WAAJIRI

Waajiri wana majibu matatu, na tuyapime kwa haki.

La kwanza: "Mtambo huu umefanya kazi miaka 20 bila tatizo." Jibu letu ni kwamba kufanya kazi si kupimwa. Katika miaka hiyo 20 pengine shoti kubwa haijatokea hata mara moja. Mwavuli ulioning'inia ukutani wakati wa kiangazi hauwezi kusema kwamba hauvuji.

La pili: "Ni gharama." Kweli, kuna gharama. Lakini si kila kabati linatakiwa kutupwa. Mara nyingine kubadilisha stata moja au kufunga fyuzi zinazobana mkondo mbele ya kabati kunaipandisha namba. Na kupima na kuandika kibao ni gharama ndogo kuliko kiwanda kusimama wiki mbili wakati wa msimu wa chai.

La tatu: "Wafanyakazi wenyewe wanaharibu." Hili tulisikilize, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Fyuzi ikiungua usiku na stoo imefungwa, fundi huambiwa, "Fanya mpango, kazi isisimame." Anakata kipande cha waya wa shaba anakiweka badala ya fyuzi. Mashine inazunguka, msimamizi anafurahi. Lakini kwa kipande hicho askari wa getini ameondolewa, na kabati lililokuwa la 50,000 halina tena namba yoyote. Nawaambia mafundi wetu bila kuficha: tusikubali. Na nawaambia waajiri nao bila kuficha: anayefunga stoo ya fyuzi kisha akadai mashine izunguke ndiye aliyeagiza waya ule uwekwe.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 12 kwamba wanaobuni, kutengeneza, kuagiza au kutoa mitambo kwa ajili ya kazi wahakikishe, kadiri inavyowezekana, kwamba haina hatari kwa wanaoitumia vilivyo, na watoe habari juu ya kuifunga na kuitumia sawasawa na juu ya hatari zake. Namba ya shoti ni habari ya namna hiyo hasa. Kifungu cha 13 kinamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali anapoamini kwa sababu za maana kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa maisha yake. Na kifungu cha 21 kinasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote.

Mwezi Juni 2022 mkutano wa Shirika hilo uliweka mahali pa kazi salama na penye afya kuwa miongoni mwa haki za msingi za wafanyakazi. Maana yake ni kwamba kila nchi mwanachama, hata ile ambayo haijautia sahihi mkataba huo, inapaswa kuiheshimu haki hiyo. Na hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, yenye wawakilishi wa usalama na kamati za usalama. Kamati hizo si za kunywa chai. Ndizo mahali pa kuuliza swali hili.

TUNATAKA NINI

Mkataba wa pamoja utakapofunguliwa tena katika kiwanda chenu, wajumbe waingie na mambo haya matano:

1. Kila kabati la kuendeshea mitambo liwe na kibao chenye namba ya shoti na volti zake. Lisilo na kibao lipimwe na mtu mwenye ujuzi, na kifaa kisicho na namba kihesabiwe kwa namba ndogo, si kwa kukisia.

2. Transfoma isibadilishwe kuwa kubwa, wala isiongezwe ya pili, kabla hesabu ya shoti haijafanywa upya na nakala yake kupewa kamati ya usalama.

3. Fyuzi na breka za akiba ziwe za aina ile ile, na ziwe mahali fundi wa zamu ya usiku anaweza kuzipata.

4. Umeme uzimwe na swichi ifungwe kwa kufuli kabla ya kufungua kabati. Hapa nataka nieleweke: namba kubwa mlangoni si ruhusa ya kufanya kazi umeme ukiwaka. Namba hiyo hupimwa mlango ukiwa umefungwa. Mlango ukiwa wazi, haikukingi na mwali.

5. Mfanyakazi anayekataa kuwasha kabati lisilo salama, akatoa taarifa kwa kamati, asiadhibiwe wala asikatwe mshahara.

Na kabla ya mkataba huo kufika, liko jambo ambalo kila tawi linaweza kulianza juma hili bila ruhusa ya mtu na bila kufungua mlango wowote. Mjumbe achukue daftari, apite katika kila idara, aandike: kabati gani lina kibao, lina namba gani, na lipi halina kitu. Kisha ofisi ya injinia iombwe namba za transfoma: kVA, volti na asilimia. Daftari hilo liletwe kwenye kikao cha kamati. Injinia mwema atafurahi, maana mara nyingi naye amekuwa akiomba fedha za kazi hiyo bila kusikilizwa. Na mwajiri akiulizwa na wafanyakazi wote pamoja, hawezi kujibu kama anavyomjibu fundi mmoja usiku wa manane.

Ndugu zangu, jasho letu tumekubali kuliuza. Macho yetu, mikono yetu na nyuso zetu hatukuziuza. Somo hili ni la hesabu ndogo, na tumeliweza. Sasa tuulize.

Umoja ni nguvu.